Umesoma Wanne, Mimi Nilizaa Saba

Mwaka 2009 niliajiriwa kuwa karani katika afisi ya wakili mjini Kakamega. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kiti na meza. Tulikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na mbolea, na dirisha letu lilitazama barabara ya Mumias, ambako kuanzia alfajiri trekta zilipita zikivuta matela ya miwa na watoto wa shule wakizikimbilia nyuma kuchomoa mua. Kazi yangu ilikuwa kupokea wateja, kufungua faili, kupiga chapa hati na kuzipeleka masjala ya Mahakama Kuu. Wateja wengi wa siku zile nimewasahau sura na majina. Mmoja sijamsahau, na kila ninapoona ndugu wa tumbo moja wakiburutana kortini kwa sababu ya shamba, humkumbuka yeye kabla ya kukumbuka kifungu chochote cha sheria.

Aliletwa na mwanawe wa kwanza, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyekuwa amevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne. Wametoka upande wa Shibuli, Butsotso. Mwana alikuja kwa baiskeli yake mwenyewe, mama akapakiwa kwenye bodaboda, ambayo wakati huo bado ilikuwa baiskeli kwa wengi wetu. Nilimwita Kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu, naye akaniita mwanangu tangu salamu ya kwanza.

Shida yao ilikuwa ile ile iliyojaza kabati letu la faili. Mzee alifariki mwaka 1994. Taito ya shamba, yaani hatimiliki yake, ekari nne u nusu, ilikuwa bado kwa jina lake. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyehangaika, kwa maana kila mmoja alijua analima wapi. Kisha mwana wa kwanza akataka mkopo, akaambiwa huwezi kuweka rehani jina la mtu aliye kaburini. Ndipo wakaanza kuulizia habari za sakseshoni, yaani kesi ya mirathi.

Mwana alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa na cheti cha kifo, nakala ya taito, matokeo ya upekuzi kutoka afisi ya ardhi, na barua ya chifu yenye muhuri. Barua ilisema kwamba marehemu ameacha mjane mmoja na wana wanne, na kwamba familia imekubaliana mwana wa kwanza ndiye awe msimamizi wa mali ya marehemu. Nilichukua barua ile, nikaketi, nikapiga chapa. Fomu za mirathi huitwa kwa alama ya P&A na nambari. P&A 80, ambayo ndiyo ombi lenyewe la kupewa usimamizi. P&A 5, kiapo kinachotaja marehemu aliacha nani na aliacha nini. P&A 38, hati ya warithi wengine kukubali. Nilikuwa mwepesi wa vidole na nilijivunia wepesi huo. Baada ya saa moja zilikuwa mezani, bado zina joto la mashine.

Mama hakujua kusoma. Nikafungua pedi ya wino, nikamsogezea P&A 38, nikamwonyesha mahali pa kutia kidole. Akakiweka kidole gumba chake hewani, juu ya karatasi, akakiacha pale.

"Nisomee kwanza," akasema.

Nikamsomea kwa Kiswahili, kwa kasi ya mtu aliyeisoma fomu hiyo mara mia. Alinisikiliza mkono wake mwingine ukiwa umefungwa ngumi juu ya goti, na kila nilipotaja jina alikunjua kidole kimoja. Nilipomaliza, vidole vinne vilikuwa vimesimama. Akavitazama. Akanitazama mimi.

"Umesoma wanne. Mimi nilizaa saba."

Mwanawe akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, kwamba hao wengine ni wasichana na wameolewa. Mama hakumgeukia. Aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufundishwa, na kweli nilihitaji: "Kuolewa si kufa. Na hata yule aliyekufa ameacha mtoto, namlea mimi."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mimi ni binti, wa pili kati ya watoto sita, kwetu ni Butere, na baba yangu alikuwa hai na shamba lake lilikuwa na taito. Nilikuwa nimekaa pale nikiwafuta wanawake watatu kwa mikono yangu, na haikunipitia akilini hata mara moja kuuliza, "Mama, na mabinti je?" Sikuwa na nia mbaya na hakuna aliyenihonga. Niliandika tu kilichokuwa kwenye barua. Ndiyo maana ninaandika makala haya, kwa sababu naamini kwamba mabinti wengi wa magharibi mwa Kenya hawanyang'anywi urithi na hakimu wala na kaka mwenye panga. Wanapotelea kwenye orodha, mikononi mwa mtu mwema anayeharakisha kazi.

Watu wengi hudhani usawa wa mabinti uliletwa na Katiba ya mwaka 2010. Hata mawakili wachanga niliokutana nao baadaye walizungumza hivyo. Katiba iliutia nguvu, hilo kweli, hasa pale Ibara ya 60 inapotaka kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Lakini Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na tangu siku hiyo inasema "watoto". Haikusema wana wa kiume. Haikusema wasioolewa. Mume wa Kukhu alifariki miaka kumi na mitatu baada ya sheria hiyo kuanza kutumika. Mabinti wake walikuwa warithi kabla hata ya kaburi kufunikwa.

Tena sheria hiyo hiyo, kifungu cha 51, inaeleza ni nani wa kutajwa pale mtu anapofariki bila wosia: wajane, watoto, wazazi, kaka na dada wa marehemu, na watoto wa mtoto aliyekwisha kufa. Yule mvulana aliyekuwa akilelewa na nyanya yake kule Shibuli alikuwa ametajwa na sheria miaka mingi kabla hajazaliwa. Mimi ndiye sikumtaja.

Na hakuna anayeweza kusema kwamba mahakama hazikuwa zimezungumza. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliyoketi Eldoret, si mbali na kwetu, iliamua kesi ya Rono dhidi ya Rono. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti mafungu madogo kuliko ya kaka zao, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mabinti huenda wakaolewa. Majaji wa rufani wakaukataa uamuzi huo, wakagawa ardhi sawa kwa watoto wote. Uamuzi huo ulikuwa na miaka minne siku ile nilipofungua pedi ya wino. Nakala yake ilikuwa kwenye rafu, hatua tatu kutoka mezani pangu.

Basi kama sheria ipo na mahakama zimesema, kwa nini orodha ya wanne?

Jibu la haraka ni tamaa, na wanaoandika kuhusu mirathi hupenda kuishia hapo. Mimi nilimwona yule mwana kwa karibu, na sikuona mlafi. Niliona mtu aliyepiga hesabu. Ekari nne u nusu kwa wanne ni zaidi kidogo ya ekari moja kwa kila mtu. Kwa saba ni nusu ekari na ushei. Kwenye ekari moja mtu wa Butsotso anaweza kupanda mahindi, akabakisha kipande cha miwa na mahali pa kufunga ng'ombe. Kwenye nusu ekari, ukishatoa nyumba, choo, uwanja na migomba, unabaki na bustani. Juu ya hesabu hiyo kuna mahari: ng'ombe waliopokelewa kwa ajili ya dada zake walikwisha kulipa mahari ya kaka zake, na moyoni mwake dada walikwisha kuhama. Kuna pia hofu isiyosemwa mbele ya wageni, kwamba shemeji atakuja na jembe, na kesho yake na mnunuzi. Na juu ya yote kuna ile kauli inayotolewa kila baraza likikwama, mwacha mila ni mtumwa.

Hofu hizo ni za kweli na hazistahili kudharauliwa. Ninachopinga ni mahali zinapojibiwa. Kama kaka anaona dada hapaswi kupewa nusu ekari, na amwambie dada huyo akiwa ameketi mbele yake, mbele ya mama yao, na ikibidi mbele ya jaji. Orodha ya wanne haibishani na mtu. Inamwondoa dada kwenye chumba kabla mjadala haujaanza, na waliobaki wanaitana familia na kusema wamekubaliana. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye mirathi kuna watu wanaohakikisha kwamba hukuwepo.

Angalieni barua ya chifu. Sheria ya Urithi yenyewe haiidai. Ni mazoea ya mahakama yaliyoipa uzito, na kwa sababu nzuri, maana jaji wa Kakamega hawezi kuijua kila boma ya Lurambi. Lakini barua hiyo huandikwa vipi? Chifu au naibu wake hukaa afisini, na aliye na haja humwendea. Aliye na haja ni mwenye nauli, mwenye muda, anayejulikana pale, na mara nyingi ni mwana wa kwanza. Anataja majina na chifu anaandika. Dada aliyeolewa Malava au Kisumu hajui kwamba siku hiyo kuna barua inayoandikwa kuhusu yeye. Kisha barua hiyo inakuja kwa karani kama mimi, na kwa kuwa ina muhuri, karani anaiona kama ukweli uliokwisha kuchunguzwa. Karani anaiamini barua, wakili anamwamini karani, na masjala inaiamini sahihi ya wakili. Kila mmoja amefanya kazi yake, na dada hajulikani na yeyote kati yao.

Halafu kuna ile P&A 38, ambayo naiogopa kuliko barua ya chifu. Sheria, kifungu cha 66, inamweka mjane mbele ya watoto wake katika kupewa usimamizi. Yaani pale mezani, kati ya mama na mwana, mwenye haki ya kwanza alikuwa mama. Karatasi niliyomsogezea ilikuwa ya kukubali mwanawe apewe nafasi hiyo bila yeye kuwamo. Mimi nilijua maana yake, na mwanawe alijua kidogo. Yeye, ambaye kidole chake ndicho kilichotakiwa, hakuwa ameambiwa neno. Nilikuwa nimemwonyesha tu mahali pa kugusa.

Kukubali ni kitu kizuri, na sheria inakiheshimu. Lakini mtu hawezi kukubali asichokijua. Hati inayosomwa mbio kwa lugha ya afisi, mbele ya mama anayefikiri kwa Lutsotso, Kiluhya cha kwao Butsotso, ni karatasi iliyopakwa wino tu. Katika afisi nyingi za mikoani mtu anayeamua kama hati itaeleweka au itapita tu si wakili, ni karani wa mapokezi. Hakuna anayemfundisha hivyo. Mimi nilifundishwa na Kukhu, bila malipo, siku ya Jumanne.

Nilimpelekea wakili habari ile nikitegemea kukaripiwa kwa kupoteza karatasi. Hakunikaripia. Aliwaita wote wawili ndani, akamweleza mwana kwa upole kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kwamba orodha ya wanne ingemdhuru yeye mwenyewe. Kifungu cha 76 kinairuhusu mahakama kubatilisha usimamizi uliopatikana kwa kuficha jambo muhimu, na hakuna muda uliowekwa ambao baada yake siri hiyo inakuwa halali. Dada mmoja, au yule mjukuu akishakuwa mtu mzima, angeweza kuja baada ya miaka ishirini, wakati shamba limekatwa, limeuzwa nusu, nyumba za mawe zimesimama juu yake, akalirudisha jambo zima mwanzo. Tangu hapo nimeshika faili nyingi za namna hiyo. Ndizo faili nene kuliko zote na ndizo zinazomaliza familia, na nyingi zilianza na ukurasa mmoja wenye majina pungufu.

Ilibidi warudi kwa chifu kuchukua barua mpya. Safari hii Kukhu alikwenda mwenyewe. Alirudi na barua ya watu saba na mjukuu, na dada wawili walio hai wakaja nyuma yake, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Kwa kuwa mjukuu alikuwa mdogo, wasimamizi walipaswa wasipungue wawili, hivyo ombi likaandikwa kwa jina la mama na la mwana wa kwanza pamoja. Niliisoma P&A 5 upya. Nilisoma polepole kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluhya cha kwetu Butere, ambacho yeye alikisahihisha mahali pawili kwa kuwa sisi hutamka tofauti. Vidole vyake vilisimama saba. Ndipo akatia kidole.

Yaliyofuata yalikuwa ya kungoja. Tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza, kisha usimamizi kutolewa, kisha miezi sita kabla ya kuomba uthibitishwe, yaani mahakama iidhinishe nani apate fungu gani. Kwa watu wa Shibuli kila hatua ilikuwa nauli. Siku hizo mahakama za mahakimu zilishughulikia mirathi ya thamani isiyozidi shilingi 100,000 tu, na hakuna shamba lenye taito lililoshuka hapo, kwa hivyo kila boma ilibidi ije Mahakama Kuu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 ilipanua mipaka hiyo, na leo familia nyingi humaliza jambo lao Butere au Mumias. Hilo ni jambo jema sana na halisifiwi vya kutosha.

Lakini orodha imehamia kwingine. Tangu Machi 2024 mahakama zote nchini hupokea hati kwa mtandao, na wasio na wakili huzijaza saiba, yaani kwenye vibanda vya kompyuta na intaneti. Kijana wa saiba ndiye karani wa leo. Mteja anamtajia majina, yeye anaandika, anachanganua barua ya chifu, anabonyeza. Hana rafu ya maamuzi nyuma yake wala wakili chumba cha pili. Ningependa masjala za mahakama ziwatafute vijana hawa, mji kwa mji, ziwafundishe swali moja tu la kuuliza kabla ya kuandika: mama alizaa wangapi, wote, walioolewa na waliokufa? Na ningependa barua ya chifu isitoke afisini mpaka majina yaliyomo yamesomwa barazani, kwa sauti, kwa lugha ya mahali hapo. Wanakijiji hujua idadi ya watoto wa kila boma. Hawajawahi kuulizwa tu.

Siku ya uthibitisho tulikwenda wote Mahakama Kuu. Jaji aliwaita warithi mmoja mmoja wasimame, mkalimani wa korti akiwa pembeni. Dada mkubwa alisema anataka fungu lake, kwa kuwa ndoa yake haimpi mahali pa kurudi. Dada mdogo akasema yeye anamwachia kaka yao wa mwisho. Jaji akamuuliza kama ameshurutishwa na mtu. Akasema hapana, ana shamba kwa mumewe, na kaka huyo ndiye aliyemlipia karo ya sekondari. Nilimtazama mwana wa kwanza wakati dada yake akisema hayo. Alikuwa ameinamisha kichwa. Fungu lile ambalo angelipata kwa barua ya kwanza, bila dada kujua, sasa lilikuwa linatolewa na mwenyewe, mbele ya watu, kwa mtu aliyemchagua. Ekari zilikuwa zile zile, lakini dada yule aliondoka kortini akiwa mtu aliyetoa. Fungu la marehemu dada yao likawekwa chini ya mama na mwana wa kwanza, mpaka mvulana atakapokua.

Kukhu alikuja afisini mara moja tu baada ya hapo, wakati hati za afisi ya ardhi zilikuwa zimekamilika. Nilidhani amefuata taito mpya. Alisema taito zimeshachukuliwa na watoto, yeye anataka ule ukurasa wa majina. Nikamtolea nakala ya ukurasa wa pili wa P&A 5. Akaniomba nimwonyeshe kila jina liko wapi. Nikaweka kidole changu, nikataja, naye akaweka gumba lake pale pale nilipotoa kidole, akalitamka jina taratibu. Tukashuka hivyo mpaka chini, mpaka kwa mjukuu. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaiingiza kwenye mfuko wa nailoni aliokuwa nao, akaufunga kwenye ncha ya leso, akashuka ngazi kwenda kutafuta bodaboda ya Shibuli.